Goti la Kijana wa Chemba

Msimu huu ambao alizeti imekwisha vunwa na viwanja vyetu vya Chemba vimekauka, aghalabu hutokea alasiri kijana akageuka ghafula na mpira, unyayo ukabaki umeshikwa na ardhi ilhali kiwiliwili kimekwisha kwenda, akasikia gotini mlio wa kitu kilichokatika, na kabla ya magharibi goti likawa limevimba.

Kilichokatika mara nyingi ni kano ya mbele, mojawapo ya kano nne kuu za goti, nayo hufunga mfupa wa paja na wa muundi. Jirani huleta maji ya moto, akakanda kwa nia njema, naye hajui kuwa damu ingali ikivuja ndani na joto huzidisha uvimbe. Lakini linalonihuzunisha zaidi ni kijana kulazwa miezi akingojea nauli ya Dodoma na zamu ya upasuaji, hali msuli wa paja unanyauka na goti linasahau kunyooka.

Upasuaji una mahali pake, hasa kwa goti linalokwama au linalozidi kumwangusha mtu; wala siudharau. Illa mwaka 2010 wataalamu wa Uswidi walitangaza habari za vijana 121 waliokatika kano hiyo: wote walipewa mazoezi ya tiba, baadhi wakapasuliwa mapema, wengine wakaambiwa wangoje waone kama haja itakuwapo, na baada ya miaka miwili makundi yote mawili yalikuwa na hali moja, ijapokuwa katika wale waliongoja wengi walikuwa hawajapasuliwa.

Na mazoezi yenyewe? Kukaza paja mguu umenyooshwa mkekani, kuunyanyua, kuketi na kuinuka kigodani, kisha kusimama kwa mguu mmoja. Si fedha inayotakiwa hapa, bali mjuzi wa kusema leo ongeza, leo pumzika, na wa kumzuia kijana aliyepasuliwa asirudi uwanjani kabla ya miezi tisa, maadam maumivu huondoka mapema kuliko udhaifu.

Wajuzi hao wa tiba ya viungo, hospitali ya KCMC ya Moshi imekuwa ikiwafundisha tangu miaka ya 1970. Naomba, kwa wenye mamlaka, mmoja wao apangiwe siku ya kufika Kwa Mtoro na Farkwa, huku kwetu Chemba, walau mara moja kwa mwezi, na siku hiyo itangazwe sokoni na viwanjani.