Mpimaji Naye Hupimwa

Somo la leo ni habari ya watu wanaopima mabaki ya moto.

Nyumba ikiungua huko Marekani, na polisi wakishuku kwamba imechomwa makusudi, mabaki ya zulia na mbao hutiwa katika kopo la bati, likafungwa kabisa ili mvuke usitoke. Kopo hupelekwa maabara. Huko mkemia hulipasha moto, akaunasa mvuke kwa kipande cha mkaa, kisha akaupima kwa mashine. Je, mna petroli?

Kazi hii ina mtego. Zulia la nailoni likiungua hutoa mvuke wenye baadhi ya vitu vilivyomo katika petroli. Mpimaji asiyejua kutofautisha atasema, "Petroli imo," na huenda mwenye nyumba akafungwa bure.

Kwa hiyo mpimaji naye hupimwa. Bodi iitwayo American Board of Criminalistics, iliyoanzishwa mwaka 1989, huwapa wapimaji hawa mtihani wa maandishi. Anayefaulu hupata cheti. Tena maabara huletewa makopo ya majaribio. Waliyoyatayarisha wanajua yaliyomo, mpimaji hajui. Pengine kopo moja halina petroli hata tone. Hapo, "Sikuona petroli" ndilo jibu la haki.

Sasa andikeni majibu. Kwa nini kopo hufungwa kabisa? Kwa nini mpimaji naye hupimwa?