Mwanagenzi Mtu Mzima Huja na Sababu Yake

Hotuba iliyotolewa kwa wakufunzi na wasimamizi wa vyuo vya mafunzo ya ufundi vya kaunti kabla ya muhula kufunguliwa. Inachapishwa hapa kwa manufaa ya wakaazi wote, hasa wanaofikiria kurudi darasani.



Muhula unapoanza, karakana hujaa. Yupo kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi. Karibu naye ameketi mama wa miaka 38 aliyemwachia jirani mtoto, mwendesha boda boda aliyechoka na barabara, na fundi wa jua kali ambaye amechomelea milango na madirisha kwa miaka 15 bila karatasi yoyote ya kumwonyesha mwenye kandarasi. Wiki ya sita ikifika na kiti cha mmoja wao kibaki wazi, ofisini husemwa kwamba watu wazima hawana bidii, wanahitaji kutiwa motisha.

Kauli hiyo inafaa kuangaliwa upya. Mtu aliyeuza mbuzi akalipa karo, akaamka saa kumi alfajiri kuwapikia wanawe, kisha akatembea kilomita nne hadi chuoni, motisha anayo. Alikuja nayo kutoka nyumbani. Kazi iliyobaki kwa chuo ni kutompokonya.

Mfano unaotajwa sana nchini ni wa Kimani Maruge, aliyejiunga na darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka 2004, akiwa na miaka 84. Hutajwa kama kielelezo cha kutokata tamaa, na ni haki yake. Lakini husahaulika kwamba mzee yule alikuwa na jambo lake: alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, asiwe wa kusomewa tu. Hakuvaa kaptura ya shule kwa kupenda kaptura.

Vyuo vyenyewe havikujengewa watu kama hawa. Mwaka 1966, ripoti iliyotolewa na makanisa ya Kenya iliuliza mtoto akimaliza shule ya msingi na kukosa nafasi ya sekondari aende wapi, na vyuo vya ufundi vya vijijini vilitokana na swali hilo. Vilikuwa vya vijana wadogo. Ndiyo sababu hadi leo katika baadhi ya vyuo ipo kengele, gwaride la asubuhi, na mkufunzi anayemsimamisha mtu mzima mlangoni amweleze mbele ya wote kwa nini amechelewa dakika kumi. Mvulana wa miaka kumi na sita atainamisha kichwa, kesho arudi. Mama wa watoto watatu hatarudi, na wala hatasema kilichomwondoa. Atasema karo imemshinda.

Basi mkufunzi aanzie wapi? Aanze kwa kuuliza. Wiki ya kwanza, akae na kila mwanagenzi dakika tano, kando, amuulize amekuja kutafuta nini, na jibu aliandike. Majibu hayafanani. Mmoja katika darasa la ushonaji anataka kushona sare za shule aliyo karibu nayo kabla ya Januari. Mwingine anataka kuajiriwa kiwandani. Wa tatu ana cherehani aliyoachiwa na mamake na hajui hata kuitia uzi. Wote watatu wakianzishwa na sura ile ile ya historia ya nguo, wawili watakuwa wameanza kuchungulia dirishani kabla ya Ijumaa. Nadharia ina nafasi yake, lakini isitangulie. Kabla wiki ya kwanza kuisha, kila mmoja aondoke na kitu alichokifanya kwa mikono yake: pindo la sketi lililonyooka, taa moja na swichi yake inayowaka, kiungo cha chuma kisichoachia kikigongwa nyundo. Mtu mzima huulizwa nyumbani amejifunza nini. Akiwa na cha kuonyesha, hata aliyepinga yeye kwenda chuoni hunyamaza.

Hesabu ndiyo inayotisha wengi. Wapo waliochapwa viboko kwa ajili ya hesabu miaka thelathini iliyopita, na wakiona ubao umejaa tarakimu, mikono hutoka jasho. Mkufunzi anayeandika ubaoni kanuni ya eneo la mstatili amewapoteza. Lakini awapeleke kwenye chumba chenye sakafu tupu cha mita 4 kwa mita 3, awape kigae kimoja cha sentimita 40 kila upande, awaulize mteja anunue vigae vingapi. Mzee wa mjengo ataanza kupima kwa hatua na vidole: kumi vinaingia upande mrefu, saba na nusu upande mfupi. Kumi mara saba na nusu ni 75. Kijana wa kidato cha nne naye atafika hapo hapo kwa njia yake: mita 12 za mraba, gawanya kwa 0.16, ni 75. Hapo wawili hao hutazamana. Kisha mzee ataongeza jambo ambalo kitabu cha kijana hakikusema, kwamba vigae huvunjika, vingine hukatwa pembeni, kwa hivyo mteja aambiwe anunue sehemu moja ya kumi zaidi, yaani 83. Na akiambiwa azidishe kwa bei ya duka la mtaani, atajua pia ni kwa nini kazi fulani ya mwaka juzi ilimla faida.

Somo hilo limefanya mambo mawili kwa saa moja. Limefundisha eneo na asilimia, na limemwonyesha mzee kwamba hakuja chuoni akiwa mtupu. Mkufunzi wa miaka 26 hana haja ya kuogopa ujuzi wa mtu wa miaka 50. Amwite mzee, amwite mama fulani kwa jina la mwanawe kama desturi ilivyo, amwombe aonyeshe anavyofanya, halafu amsahihishe penye kosa, na asimsahihishe mbele ya wanaolingana na watoto wake. Heshima ya namna hiyo haipunguzi ukali wa kazi. Kulehemu kubaya ni kubaya hata kama aliyelehemu ana mvi.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1963, katika mji wa Angicos kaskazini mashariki mwa Brazil, mwalimu Paulo Freire na wenzake walifundisha wafanyakazi wapatao 300 kusoma kwa muda wa saa 40 hivi. Walianza na maneno ya kazi na maisha ya watu wenyewe, wala si silabi zisizo na maana. Huko nako ilionekana kwamba mtu mzima hujifunza upesi kile anachokitambua.

Kuna upande mwingine ambao si wa mkufunzi, na itakuwa si haki kumtwika yeye. Hakuna maneno matamu ya kumtia moyo mtu anayengoja cherehani moja pamoja na wenzake tisa, au anayejifunza uchomeleaji kwa kutazama mtambo ulioharibika tangu Pasaka. Hilo ni jukumu la serikali ya kaunti na bodi za vyuo, na wakaazi wana haki ya kuliuliza kwenye vikao vya bajeti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliikabidhi kaunti vyuo hivi. Inafaa kulisoma vizuri, kwa maana sentensi iyo hiyo inayotaja vyuo vya ufundi vya vijijini inataja pia elimu ya chekechea na vituo vya kulea watoto. Waliotunga waliviweka pamoja. Chuo ambacho kina chumba kimoja kisichotumika na mama watano wenye watoto wachanga hakihitaji kuitisha kongamano ili kujua la kufanya.

Na saa nazo. Mvua za masika zinapoanza, anayetegemea shamba atapanda kwanza. Darasa litangoja, shamba halingoji. Msimamizi anayejua hivyo huweka masomo ya jioni na Jumamosi kwa wiki hizo badala ya kuandika barua za onyo. Mwanagenzi akikosekana siku mbili, apigiwe simu siku ya pili. Kumpigia wiki ya tatu ni kumuaga. Simu yenyewe iwe ya kumjulia hali kwanza, kwa maana nyuma ya kiti kitupu mara nyingi kuna mgonjwa, kuna matanga, au kuna mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na pesa ya nauli ya mzazi ikaishia huko.

Kuhusu karatasi: wengi wa mafundi wa jua kali hudhani kwamba bila cheti cha shule mlango umefungwa. Haujafungwa. Mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, NITA, hutoa mitihani ya madaraja, kuanzia Daraja la Tatu hadi la Kwanza, na fundi aliyejifunzia kazini anaweza kuikalia. Aidha, nchi sasa ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa. Mkufunzi ayaseme haya siku ya kwanza, wala asingoje wiki ya mitihani. Fundi wa milango akijua kwamba ujuzi wake wa miaka 15 utapimwa, na kwamba anahitaji kujazia tu sehemu za usalama kazini, kusoma ramani na kukadiria gharama, muhula hautakuwa mrefu mno kwake. Hapo pia mkufunzi awe mkweli. Asimwahidi yeyote kazi. Cheti huruhusu mtu kuomba kandarasi, hakimpi kandarasi, na mtu mzima aliyedanganywa mara moja huwaambia jamaa zake wote.

Daftari la mahudhurio la muhula huu, wakufunzi, linahitaji safu moja zaidi, mkono wa kulia wa jina na nambari ya simu. Ichorwe kwa rula tu. Juu yake iandikwe: «Amekuja kutafuta nini». Ijazwe wiki ya kwanza kwa maneno ya mwanagenzi mwenyewe, kwa Kiswahili au kwa lugha yake ya nyumbani, na katikati ya muhula mkufunzi akae naye tena wasome pamoja kilichoandikwa hapo.