Askari wa Nchi Rafiki: Nani Analipa?

Leo tuongee juu ya swali ambalo raia huliuliza mara chache. Nchi rafiki ikituletea askari wake kutusaidia, nani analipa chakula chao, mafuta ya magari yao na mishahara yao?

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walisema jembe, hawakusema mpe shamba.

Tuangalie kwanza Korea ya Kusini, ambako Marekani ina askari kama 28,500. Kwa mkataba wa 1966, Korea ilitoa ardhi na majengo, Marekani ikabeba gharama nyingine. Tangu 1991 nchi hizo hufanya mapatano ya pekee: Korea inalipa sehemu ya mishahara ya Wakorea wanaofanya kazi kambini, sehemu ya ujenzi, na sehemu ya vifaa na matengenezo. Kiasi kinaandikwa, na Bunge la Korea linapiga kura juu yake. Kwa mwaka 2026 wameandika won bilioni 1,519.

Hata hivyo wanagombana. Mapatano yaliisha mwishoni mwa 2019 bila mapya kuwa tayari, na Aprili 2020 wafanyakazi wapata 4,000 wakarudishwa nyumbani bila mshahara. Walioumia ni wanyonge. Lakini kila Mkorea aliweza kujua kinachogombaniwa.

Sasa turudi kwetu. Agosti 1998 Zimbabwe, Angola na Namibia zilileta askari kumsaidia Rais Laurent-Désiré Kabila. Serikali iliwaita, na sheria ya mataifa inaruhusu serikali kuita msaada. Lakini bei ilikuwa gani? Wakati ule hapakuwa na Bunge lililochaguliwa na raia ambalo lingeuliza. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa za 2001 na 2002 zilionyesha jinsi haki za kuchimba almasi na madini mengine zilivyofikia makampuni yenye uhusiano na wakubwa wa jeshi la Zimbabwe. Hapo mgeni hakupewa jembe, alionyeshwa shamba.

Sisemi kwamba askari wale hawakutufaa. Wengine walifia katika nchi yetu. Ninachosema ni hiki: deni lililoandikwa linahesabiwa, linalipwa, linaisha. Deni la kificho halina mwisho. Askari hurudi kwao vita vikiisha, lakini haki ya mgodi hubaki, na watoto wetu ndio wanaolipa.

Leo tuna kinga. Kifungu cha 214 cha Katiba ya 2006 kinasema kwamba mikataba inayogusa feza za Serikali haiwezi kukubaliwa ila kwa sheria, maana yake kwa kura ya Bunge. Tangu hapo tumepokea askari wengine: wa Uganda mwaka 2021, wa SADC mwishoni mwa 2023. Kila mara swali ni lile lile.

Basi mbunge wako akija kukusalimia, usimwombe chumvi na sabuni tu. Mwulize: mapatano yako wapi? Yanataja kiasi gani? Yanaisha lini? Kuuliza si kumfukuza rafiki. Marafiki wanaohesabiana waziwazi hawagombani kesho.



Maswali ya kuzungumza pamoja:
1. Kwa nini ni hatari kulipa msaada wa askari kwa madini?
2. Katika kijiji au mtaa wetu, nani anaweza kumpelekea mbunge maswali haya?