Wavuvi wa Usiku na Saa ya Seli

Usiku usio na mbalamwezi ndio usiku wa omena. Kutoka Muhuru Bay, Migori, hadi Mbita, Homa Bay, wavuvi huwasha taa ziwani jioni na kurudi ufuoni alfajiri. Soko huuliza bei. Leo tuulize hali ya miili yao.

Seli zetu zina saa yake, inayoendeshwa na jeni, zikiwemo CLOCK na BMAL1. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, waliochunguza saa hiyo kwa nzi wa matunda, walitunukiwa Nobel mwaka 2017. Jeni hizi husaidia kupanga lini mitokondria, vinu vya nishati vya seli, vifanye kazi kwa nguvu. Nishati ikizalishwa, hutokea pia molekuli haribifu za oksijeni, na saa hiyohiyo huamsha kinga dhidi yake. Panya wa maabara walioondolewa BMAL1 walizeeka mapema.

Jeni za mvuvi ni nzima. Kinachovurugika ni ratiba: mwanga usiku, mlo saa nane za usiku, usingizi mchana. Mwaka 2007, wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliorodhesha zamu za usiku miongoni mwa mambo yanayoelekea kusababisha saratani.

Omena hufuata taa, hivyo usiku hauepukiki. Basi kaunti hizi mbili ziwapime wavuvi presha na sukari asubuhi, palepale ufuoni wanapotia nanga. Kliniki inayofunguliwa mvuvi akiwa amelala haimfai.