ALIYEONEWA ASEME MWENYEWE
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Shimanzi)



Maneno yetu ni juu ya mwenzetu mmoja wa maghala ya hapa Shimanzi. Alishtakiwa kwa wizi wa mizigo. Fedha za dhamana hakuwa nazo, akakaa rumande miezi saba. Mwisho hakimu akamwachilia, maana ushahidi haukuwapo. Lakini mtaani bado aitwa mwizi, na tusifichane, hata baadhi yetu twamwita hivyo. Mwenyewe amenyamaza. Asema, "Nani atanisadiki?"

Jibu letu latoka Hola, kwenye mto Tana, katika Pwani yetu hii hii. Tarehe 3 Machi 1959 watu 11 waliozuiliwa kambini walipigwa na askari mpaka wakafa, kwa kukataa kazi ya kulazimishwa. Serikali ya kikoloni ilitangaza kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Maiti zilipopimwa, yakaonekana majeraha.

Siku ile alikuwapo Wambugu wa Nyingi. Alipigwa akazirai, akalazwa pamoja na maiti. Alizuiliwa miaka kama tisa bila kushtakiwa. Mwezi wa Julai 2012, akiwa mzee, yeye na wenzake Paulo Muoka Nzili na Jane Muthoni Mara walitoa ushahidi katika Mahakama Kuu ya London. Walieleza kwa vinywa vyao waliyotendwa, hata mambo ambayo mtu huona haya kuyataja. Wakili wa serikali ya Uingereza akasema hakatai kwamba waliteswa. Watu walioambiwa miaka mingi kwamba Mau Mau ni wauaji tu, sasa wakawaona wazee wenye makovu. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ile ilitamka majuto yake Bungeni, ikakubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9.

Lakini tusidanganyane: maneno peke yake hayakutosha. Waingereza walikuwa wameficha majalada ya ukoloni, na yalipojulikana mwaka 2011 yalikubaliana na habari za wazee. Tena watu wengine zaidi ya 40,000 walipeleka madai yao, na mwaka 2018 wakashindwa. Miaka ilikuwa imepita mingi mno.

Basi tujifunze. Kwanza, usichelewe kusema. Pili, sema uliyoyaona wewe, siku yake na mahali pake, usitie chumvi. Uongo mmoja huharibu kweli kumi. Tatu, tunza hati ya mashtaka, stakabadhi ya dhamana na hukumu. Nne, asiyetaka kusema asilazimishwe. Kidonda ni chake.

Na tujue haki zetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, yasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata kama saa hizo zaishia wakati mahakama imefungwa. Wangapi kati yetu walilijua hilo?

Mwenzetu amekubali kusema katika mkutano ujao. Twawaomba mje, mmsikilize mpaka amalize, asikatizwe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na sisi tuliomwita mwizi, tukae mbele.

Umoja ni nguvu.