Hisia Zetu na Fedha Zetu



Jirani anapotapeliwa, wengi wetu husema upesi: "Tamaa imemponza." Tunaona kwamba hukumu hiyo haina haki, nasi twapenda kuitafakari pamoja nanyi.

Katika miaka ya 1990 mwanasayansi Wolfram Schultz, akiwa Uswisi, alichunguza ubongo wa kima waliopewa maji ya matunda kila baada ya kuonyeshwa ishara. Mwanzoni chembe za ubongo zitoazo kemikali iitwayo dopamini zilichangamka maji yalipofika. Kima walipokwisha kuizoea ishara, zilichangamka ishara ilipoonekana tu. Nasi wanadamu tunayo kemikali hiyohiyo. Ahadi ya mapato hutusisimua kabla ya mapato yenyewe. Tena wataalamu Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba uchungu wa kupoteza huzidi furaha ya kupata kiasi kilekile. Ndiyo maana aliyekwisha kutoa fedha huona vigumu kujitoa.

Tukumbuke DECI nchini Tanzania. Watu walihimizwa "kupanda mbegu" ili wavune zaidi, na viongozi wa mpango huo walikuwa wachungaji. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata. Malipo hayo yakawa ishara machoni pa majirani, na jina la mchungaji likaondoa shaka. Mwaka 2009 serikali iliusimamisha, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake kadhaa.

Basi, kosa ni la nani? Mjane aliyetoa akiba yake alifanya kile ambacho maumbile ya binadamu humsukuma yeyote kufanya. Dhambi kubwa ni ya yule aliyeyajua maumbile hayo akayatumia kumnyang'anya.

Kwa hiyo twawasihi viongozi wa jumuiya ndogondogo: tangazo lolote la kuchangisha fedha kwa ahadi ya faida lisisomwe kanisani. Kila mmoja aulize: faida hii inatokana na kazi gani? Anayeambiwa "leo ndiyo mwisho" asitoe kitu siku hiyo; alale kwanza, azungumze na mwenzi wake. Msisimko hupoa, na swali hubaki.

Na aliyekwisha kupoteza tusimcheke. Tumsindikize kwenda kutoa taarifa, kwa maana aibu yake ndiyo kinga ya tapeli.