Azimio Bila Mfuatiliaji: Kamati za Shule na Sauti ya Mzazi
(Mhadhara wa umma, Kalenga, Iringa)



Mwaka 1919 mataifa makubwa yaliandika katika Mkataba wa Versailles, ibara ya 246, kwamba Ujerumani ikabidhi fuvu la Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe, kwa Serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Fuvu lilifika hapa Kalenga mwaka 1954. Miezi sita ilizaa miaka 35, na huenda ingezidi kama Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, asingekwenda mwenyewe hadi jumba la makumbusho la Bremen. Agizo lilikuwepo, muda uliwekwa, saini za wakubwa zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kulifuatilia. Maazimio mengi ya kamati zetu za shule yana ugonjwa huohuo, ila yenyewe mara nyingi hayana hata tarehe.

Nchi hii imezoea maazimio yanayoshuka. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama cha TANU ilikaa Musoma ikaazimia kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977. Vijiji vikafyatua matofali, watoto wakajaa madarasani, walimu wasitoshe. Lilikuwa azimio kubwa na lilitekelezwa, lakini kijiji kilishiriki kama mtekelezaji. Mwaka uliofuata 1977, Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 ikaweka kamati katika shule za msingi na bodi katika sekondari. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002, kamati zikapewa jambo zito zaidi: kupanga na kusimamia fedha za ruzuku ya wanafunzi. Hapo mzazi alipata nafasi ya kuamua, si kubeba mawe tu.

Tazameni ruzuku hiyo ilivyo. Chini ya elimu bila ada iliyoanza Januari 2016, kiwango ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. 6,000 hupelekwa shuleni na 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule ya wanafunzi 400 basi hupata 2,400,000 kwa mwaka, yaani 200,000 kwa mwezi: chaki, mitihani, ukarabati, michezo na utawala. Chakula cha mchana hakimo. Kwa mwanafunzi wa kutwa, jukumu hilo ni la mzazi.

Na hapa kwetu chakula si jambo la pembeni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 56.9 ya watoto wa Mkoa wa Iringa walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Huu ni mkoa unaouza mahindi. Watoto hao ndio wanaoingia darasa la kwanza.

Kamati ikae sasa iandike. Muhtasari wa kwanza unasema: “Wajumbe walijadili suala la chakula na kuazimia liangaliwe.” Liangaliwe na nani? Lini? Muhtasari wa pili unasema: “Kamati inapendekeza kwa Mkutano Mkuu wa Kijiji kwamba baada ya mavuno kila kaya yenye mwanafunzi ichangie debe moja la mahindi na kilo tatu za maharage, kaya isiyo na uwezo ihudumiwe na shamba la shule, asiwepo mtoto atakayenyimwa chakula wala kurudishwa nyumbani. Kamati inaiomba Halmashauri itenge fedha za jiko na tangi la maji. Mwenyekiti alifikishe azimio hili kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya Oktoba, alete majibu Desemba.” Huu wa pili unamfunga mzazi na kumdai diwani kwa wakati mmoja. Anayedai huku naye ametoa hapuuzwi kirahisi.

Kuna tatizo la kalamu. Katibu wa kamati ni mwalimu mkuu, naye ni mtumishi wa Halmashauri ileile inayoombwa. Hata akiwa mwaminifu kiasi gani, lawama hulainika zinapoandikwa. Dawa ni nyepesi: maazimio yasomwe kwa sauti kabla ya kikao kufungwa, na wajumbe wasisaini karatasi tupu ya mahudhurio wakaita hiyo ni saini ya muhtasari.

Kutoka shule moja twende mbali zaidi. Wakuu wa sekondari wana TAHOSSA, walimu wana CWT, halmashauri zina ALAT. Mjumbe wa kamati ya shule huishia kijijini kwake. Marekani bodi za shule zina vyama vya majimbo, ambako wajumbe hupigia kura maazimio yaliyotoka wilayani, na hayo ndiyo chama hubeba kwa watunga sheria. Wao pia wameonja ubaya wa kuruka ngazi. Septemba 2021 viongozi wa chama chao cha kitaifa walimwandikia Rais Biden barua bila kuwashauri wanachama. Mwezi uliofuata chama kiliomba radhi, na vyama vingi vya majimbo vikajitoa. Utetezi usiotoka kwa wanachama huwageuka watetezi wenyewe.

Pendekezo langu ni dogo. Kila Septemba, wenyeviti wa kamati zote za kata wakutane siku moja, kila mmoja na azimio moja lililopitishwa na wajumbe wake. Wachague matatu ya pamoja, wamkabidhi diwani, na majina ya wafuatiliaji yaandikwe. Kwa nini Septemba? Kwa sababu mwaka wa fedha huanza Julai 1, Bunge hujadili bajeti kuanzia Aprili, na Halmashauri huandaa makadirio yake miezi kadhaa kabla ya hapo. Azimio linalofika Mei huwa limechelewa, hata likiwa la haki.